Aliyejua Kuzirai

Evodius aliweza kubeba friji mgongoni kutoka barabarani hadi ghorofa ya tatu bila kutua, na alishafanya hivyo zaidi ya mara moja kwa marafiki waliokuwa wakihama nyumba. Lakini tone moja la damu lilitosha kumlaza chini. Hakuwa mwoga. Ilikuwa tu kwamba macho yake yakiona damu, mwili ulizima kama redio iliyochomolewa kwenye umeme.

Mambo hayo yalianza zamani, akiwa darasa la tatu kule Kamachumu, upande wa Bukoba. Mwenzake alijikata kidole na panga kwenye shamba la shule, na aliyeanguka akawa Evodius. Aliyekatwa kidole ndiye aliyekimbia kumwita mwalimu. Mara ya pili ilikuwa Dar es Salaam, alipotolewa damu ya kupima kwa ajili ya karatasi za safari. Mara ya tatu, iliyomuuma kuliko zote, ilikuwa hapa London, siku mke wake Valeria alipojifungua mtoto wao wa kwanza, Anselm. Evodius alisimama kando ya kitanda akiwa ameushika mkono wa mkewe, akatupa jicho mahali ambapo hakupaswa kulitupa, na alipozinduka alikuwa kitengo kingine kabisa cha hospitali, akishonwa nyuzi tano kwenye paji la uso, maana alikuwa amejigonga kwenye kitoroli cha chuma. Aliporudishwa kwa mkewe, mtoto alikuwa ameshafutwa, ameshafungwa blanketi, na ameshalala zake.

Kwa miaka mitano iliyofuata, hadithi hiyo ilikuwa mali ya Generosa.

Generosa alikuwa dada yake Valeria, mkubwa kwake kwa miaka kumi na miwili, mwenye saluni ya kusuka nywele Peckham. Alikuwa na mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Zamani kule nyumbani, mama yao alipokuwa shambani, yeye ndiye aliyembeba Valeria mgongoni, na mpaka leo alimpenda kwa namna ile ile ya kumbeba. Lakini kwenye ubatizo, kwenye kipaimara, kwenye harusi, popote Watanzania walipokutana na sahani za pilau zikaanza kuonyesha vitako vyake, Generosa alisimama akaigiza jinsi shemeji yake alivyoanguka: kwanza anayumba, kisha macho yanageuka, kisha chali, kama mgomba uliokatwa. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Evodius naye alicheka, kwa kuwa asingecheka ingekuwa vibaya zaidi. Njiani kurudi Harrow alikuwa akitazama nje ya dirisha la treni, na Valeria alimwegemezea kichwa begani.

Basi Valeria alipopata mimba ya pili, mwanzoni mwa mwaka 2011, Generosa alitangaza kwa simu kwamba safari hii chumbani ataingia yeye. Shemeji akae nje na gazeti lake. Hospitali zina watu wa kutosha wa kushona. Valeria alimfikishia mumewe ujumbe huo, akamwambia aamue mwenyewe, yeye hatamlaumu kwa lolote. Evodius alikuwa akiosha vyombo. Alisuguasugua sufuria moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akasema anataka kuwemo, anataka kumwona mtoto wake akiingia duniani, hata mara moja tu maishani.

Wakati huo Evodius alikuwa akiendesha basi dogo la kituo cha wazee. Asubuhi aliwazungukia nyumbani kwao, Harrow na Stanmore, na alasiri akawarudisha mmoja mmoja. Wengi walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki, waliozaliwa Kampala, Kisumu, Mwanza, Tanga, wakaja huku wakiwa bado vijana. Ndani ya basi walizungumza Kigujarati na Kiingereza, ila walipotaka kusengenya kwa raha, walirudi kwenye Kiswahili. Kiti cha mbele, nyuma kidogo ya dereva, kilikuwa cha Mama Sushila. Hakuna aliyempangia, lakini hakuna aliyethubutu kukikalia. Alizaliwa Bukoba, mtaa wa madukani, akafanya kazi ya uuguzi London kwa miaka thelathini na minne, na sasa alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano, mwembamba, mgongo umenyooka kama rula. Alimpenda Evodius kwa sababu alimwamkia shikamoo kila asubuhi, na kwa sababu ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia kama maji ya ziwa bado yanafika karibu na barabara.

Alasiri moja ya mwezi wa tano Evodius alisimamisha basi mbele ya nyumba ya Mzee Kanti, mmoja wa abiria wake, akazima injini, akazunguka nyuma kumsaidia kushuka. Mzee Kanti alikuwa amepiga chafya tangu kituoni. Aliposhusha kitambaa usoni, pua yake ilikuwa ikichuruzika damu, na shati lake jeupe lilikuwa limeshapata ramani. Mwenyewe hakujali. Lakini Evodius alishika nguzo ya basi, akapiga mwayo mrefu, kisha mwingine.

Mama Sushila alimtazama mara moja tu.

“Evodius, lala chini,” alisema. “Hapo hapo ulipo.”

Alitaka kubisha kwamba yuko salama, ila sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali kama inatoka chumba cha pili. Magoti yalilegea. Alijikuta kwenye sakafu ya basi, katikati ya viti, na bibi yule mwembamba akiinua miguu yake mizito na kuiweka juu ya kiti, akimfungua kifungo cha shingo na kuwaamuru wenzake wafungue madirisha na wasimzonge. Mzee Kanti, huku akibana pua kwa mkono mmoja, aliambiwa ashikilie kiatu cha dereva kisiteleze kwa mkono mwingine, naye akafanya hivyo kwa utiifu mkubwa. Hazikupita dakika mbili, uso wa Evodius ukarudi na rangi yake. Hakuzirai kabisa. Hilo lilimshangaza. Katika maisha yake yote ilikuwa mara ya kwanza kufika ukingoni asitumbukie.

Evodius hakuficha kitu. Siku hiyo, baada ya wengine kushuka, alimweleza Mama Sushila yote: kidole cha mwenzake, sindano ya Dar es Salaam, nyuzi tano, shemeji yake wa Peckham, na mtoto aliyekuwa njiani. Mama Sushila alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza na lile ambalo Evodius hakulitarajia. Alimwambia kesho yake aende kwa daktari wake, amweleze kila kitu bila kupunguza, kwa sababu kuna kuzirai kwa damu na kuna kuzirai kwa moyo, na mtu anayeendesha watu hana ruhusa ya kubahatisha. Evodius alikwenda. Alibandikwa nyaya kifuani, akapimwa presha amelala na amesimama, na daktari akasema moyo hauna neno. Huu ni mtindo wa mwili wake unapoona damu, na wako wengi kama yeye. Alimpa barua ya kupeleka kazini.

Alipoleta habari hizo, Mama Sushila aliridhika, na somo likaanza.

“Mwili haukuangushi bila kukubishia hodi,” alimwambia. “Ni wewe tu huitikii. Niambie, kabla hujaanguka unasikia nini?”

Evodius alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Watu waliuliza tu aliangukaje. Alisema kwanza ni miayo, bila usingizi. Halafu jasho la baridi juu ya mdomo na kwenye viganja. Tumbo linasokota. Masikio yanavuma. Mwishoni macho yanaona kwa kupitia tundu linalozidi kuwa dogo.

“Hizo ndizo hodi zenyewe,” alisema Mama Sushila.

Alimweleza kwa lugha rahisi kwamba damu inatelemkia miguuni, kichwa kinabaki na njaa, na mwili unamwangusha mtu ili damu ipate njia fupi ya kurudi juu. Kwa hiyo anayejilaza mwenyewe ameufanyia mwili kazi yake, na hana haja ya kupasuka paji la uso. Na kama hawezi kulala, basi abane damu isitelemke: akaze mapaja, tumbo na ngumi, ahesabu mpaka kumi na tano, mpaka asikie joto usoni, kisha alegeze kidogo na kurudia, mara tano.

Kuanzia siku hiyo, basi la wazee lilipokuwa limesimama mlangoni mwa mtu, injini imezimwa, dereva alionekana ameganda kwenye kiti, ngumi zimebanwa, midomo inahesabu. Mwanzoni alifanya kwa siri. Baada ya wiki mbili basi zima lilikuwa likifanya naye, Mama Sushila akihesabu kwa Kiswahili, na Mzee Kanti akijisifu kwamba miguu yake imepata nguvu ya kupanda ngazi. Nyumbani Evodius alianza kutazama vipindi vya hospitali kwenye televisheni, kwanza kwa kuchungulia kati ya vidole, baadaye kwa macho mawili. Valeria alimkuta siku moja anakata nyama mbichi jikoni akiwa ameyakaza makalio, akacheka mpaka akaomba kiti.

Generosa hakuambiwa chochote. Evodius aliomba iwe hivyo.

Uchungu ulianza Jumanne moja ya mwezi wa tisa, alfajiri, siku ambayo jua lilitoka kali kama limekosea mwezi. Walimwacha Anselm kwa jirani, wakaenda hospitali. Saa moja na nusu asubuhi Generosa naye aliwasili kutoka Peckham, amebadilisha treni mara mbili, amevaa sketi ya kubana na viatu vya kisigino, mkoba begani, tayari kwa vita. Hakuwa amekunywa hata chai. Alimkuta shemeji yake ameketi kando ya kitanda, akamuuliza kwa upole wa uongo kama ameleta kofia ya pikipiki.

“Nimeleta, shemeji,” alijibu Evodius. “Ukiihitaji utaniambia.”

Mkunga wao aliitwa Ann, mwanamke mnene wa makamo aliyetembea polepole na kufanya kila kitu haraka. Aliwakubalia wote wawili wabaki, akawaonyesha viti. Evodius alikaa karibu na kichwa cha mkewe. Generosa alikataa kiti. Alisema hajaja kukaa. Alisimama upande wa pili, akamfuta Valeria jasho, akampepea kwa kipeperushi cha maelezo ya kunyonyesha, akamwimbia kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani kwao, akamkemea Evodius kila alipopepesa macho. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Chumba kilikuwa na joto. Dirisha lilifunguka upana wa kiganja tu. Valeria aligugumia na kulalamika, akabana mkono wa mumewe mpaka vidole vikafa ganzi, na kila uchungu ulipompitia, uso wa dada yake ulijikunja kama ndiye aliyekuwa akiupata.

Saa sita na robo Ann alisema sasa ni wakati. Alibonyeza kengele kumwita mwenzake, akavaa glovu mpya, akamwambia Valeria asikilize mwili wake. Evodius alihisi mwayo wa kwanza ukipanda kooni. Safari hii aliitikia hodi. Alikaza mapaja, akakaza tumbo, akahesabu. Joto likamjia usoni. Akalegeza kidogo, akaanza tena. Chumba kilibaki mahali pake, na sauti zilibaki karibu. Furaha iliyompata ilikuwa kubwa hivi kwamba nusura asahau kuendelea kuhesabu.

Ndipo aliposikia mtu mwingine akipiga mwayo.

Alimwangalia Generosa. Shemeji yake alikuwa amesimama karibu na miguu ya kitanda, mahali pa kuonea vizuri, na alikuwa ameacha kuimba. Alipiga mwayo wa pili, akaufunika kwa mkono kwa aibu. Midomo yake ilikuwa imepauka chini ya rangi aliyoipaka, na juu ya mdomo kulikuwa na matone madogo ya jasho yaliyojipanga kama shanga. Alikuwa akipepesa macho polepole, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. Hakuna mwingine aliyeona. Ann alikuwa ameinama kazini kwake, na Valeria alikuwa ameyafumba macho. Lakini Evodius aliusoma uso ule kama barua aliyoiandika mwenyewe.

“Shemeji,” alisema, “kaa chini.”

“Mimi?” Generosa alijibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba. “Mimi nimezaa watatu.”

Evodius hakusubiri ushahidi zaidi. Aliuachia mkono wa mkewe, akamwambia, “Narudi,” akazunguka kitanda kwa hatua tatu. Alifika wakati ule ule magoti ya Generosa yalipokunjika. Alimdaka kwapani, akamshusha taratibu mgongo ukimwegemea, kichwa kikiwa salama mkononi mwake, mpaka akamlaza chali sakafuni, mbali na kitoroli. Alivuta kiti ambacho shemeji alikikataa tangu asubuhi. Kilikuwa cha magurudumu, na kila alipoiweka miguu juu yake, kiliteleza kwenda zake. Akakisukuma pembeni, akapiga magoti, akaishika miguu ya Generosa na kuiweka mabegani mwake.

“Anapumua?” aliuliza Ann bila kugeuka. Mikono yake haikuweza kuondoka ilipokuwa.

Evodius aliinama, akakitazama kifua cha shemeji yake kikipanda na kushuka. Alisema anapumua vizuri, hakugonga kichwa, na hajala kitu tangu jana. Ann alimwambia aendelee hivyo hivyo, mwenzake yuko njiani. Evodius alilegeza skafu shingoni mwa Generosa na kufungua ndoano ya sketi iliyombana kiunoni, huku amegeuza uso kwa heshima, akimwita kwa jina taratibu. Juu ya meza kulikuwa na jagi la maji, na mkono ulimwasha kumnywesha, lakini alikumbuka alivyokatazwa na Mama Sushila: asiyekuwa na fahamu hamezi, anapaliwa. Akaliacha jagi lilipo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Evodius alikuwa amekipa mgongo kitanda, amebeba miguu ya mke wa mtu mabegani, viatu vya kisigino vikimpapasa masikio, wakati Valeria aliposukuma kwa mara ya mwisho. Alimsikia mkewe akitoa sauti ndefu kutoka chini kabisa ya kifua. Kisha kimya kidogo. Kisha kilio, kidogo, kikali, cha mtu aliyeudhika sana.

“Ni binti,” alisema Ann.

“Baba Anselm,” Valeria aliita, sauti imemkauka. “Geuka uone.”

“Siwezi,” alisema Evodius. “Nimeshika miguu.”

Valeria aliinua kichwa, akatazama ng'ambo ya kitanda, akaona visigino vya dada yake vimesimama hewani kila upande wa kichwa cha mumewe. Alianza kucheka. Alicheka huku analia, huku mtoto ameshawekwa kifuani mwake, na mtoto alipandishwa na kushushwa na kicheko hicho kama yuko bembeani, akazidi kulia. Ann alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba katika miaka ishirini na mbili hajawahi kuwa na chumba kama hiki.

Generosa alifumbua macho. Haikuwa imezidi dakika moja tangu aanguke. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa viatu vyake mwenyewe, na katikati ya viatu, uso wa shemeji yake, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni.

“Nimeanguka?” aliuliza.

“Ulilala kidogo.”

“Na hicho kilio?”

“Mtoto. Wa kike. Sikiliza.”

Wakasikiliza wote wawili, mmoja chali, mwingine magotini, wakitazamana, na wala hawakuwa wamewahi kutazamana kwa muda mrefu hivyo katika miaka yote ya ushemeji wao. Generosa alitaka kuinuka. Evodius alimzuia, akamwambia akiinuka upesi ataanguka tena, anajua mwenyewe, abaki hapo mpaka vidole vipate joto. Generosa, ambaye hakuwahi kumtii mtu yeyote chini ya umri wa mama yake, alibaki.

Mlango ulifunguka akaingia Jane, mkunga wa pili, mbio mbio. Aliangalia kitandani, akaangalia sakafuni, akachagua sakafu. Alimpima Generosa mapigo ya moyo na presha, akamuuliza maswali kuhusu chakula, dawa, na kama amewahi kuanguka kabla. Alisema yote yanaelekea sawa: njaa, joto, kusimama saa tano na visigino, na moyo wa dada. Alimwambia amweleze daktari wake, na ikijirudia bila sababu aende siku hiyo hiyo. Kisha akaichukua miguu kutoka mabegani mwa Evodius na kumwambia amefanya kazi safi, sasa aende kwa mwanawe.

Evodius alisimama kwa vituo: kwanza goti moja, kisha lingine, kisha mgongo. Akageuka.

Binti yake alikuwa mwekundu na mwenye mikunjo, nywele nyingi zimemganda kichwani, na alikuwa na damu. Damu ilikuwa kwenye shavu lake, kwenye kifua cha Valeria, kwenye glovu za Ann. Evodius aliiona yote. Alikaza mapaja, tumbo na ngumi, na akiwa katika hali hiyo, amejaa kama puto, akainama kumbusu mkewe. Ann alimnyooshea mkasi. Alimuuliza kama angependa kukata kitovu, hakuna lazima. Evodius alitazama mkasi, akamtazama Valeria. Alitambua kwamba hawezi kukaza ngumi na kushika mkasi kwa wakati mmoja, hivyo akaiachia mikono na kuongeza bidii chini ya kiuno. Kitovu kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani, kama mpira wa bomba. Alikata mara mbili ndipo kikaachia.

“Tayari,” alisema, akarudisha mkasi.

Kisha akahisi mwayo. Aliwafahamisha wote kwa utulivu kwamba sasa anakaa chini, akarudi nyuma hatua mbili, akateremka taratibu akiegemea ukuta, akalala sakafuni kando ya shemeji yake, na miguu yake mwenyewe akaiegemeza ukutani. Jane aliuliza kama anahitaji kitu. Alisema hapana, nafasi tu.

Ilikuwa Generosa aliyeanza. Tumbo lilimtikisika kwanza, kisha kicheko kikamtoka, si kile cha kwenye sherehe, kingine cha zamani, cha utotoni. Evodius naye akashindwa kujizuia. Walicheka wakiwa wamelala pale chini kama watoto wanaotazama mawingu, mpaka Jane akawaomba wapumue.

Baadaye, mchana wa saa nane, Valeria alipokuwa amesafishwa na kuhamishiwa kitanda cha dirishani, waliletewa chai ya maziwa na tosti zilizopakwa siagi. Zilikuwa za mzazi, lakini Valeria aligawa: mbili kwa dada yake, moja kwa mumewe, moja akala yeye. Generosa, ambaye sasa alikuwa amekubali kiti, alisema hajawahi kula mkate mtamu kama ule. Alivua viatu akavitia kwenye mkoba. Alimrekebishia mdogo wake blanketi miguuni.

“Kuzaa nimezaa,” alisema. “Lakini kukutazama wewe ukiumia, mdogo wangu, hilo sikujua.” Kisha akamgeukia Evodius. “Ulijuaje? Mimi mwenyewe sikujua.”

Evodius alimwambia kuhusu miayo na jasho, kuhusu bibi mmoja wa Bukoba aliyemlaza kwenye sakafu ya basi, kuhusu wazee wanaohesabu mpaka kumi na tano. Generosa alisikiliza yote bila kumkatiza. Aliuliza kama anaweza kufika siku moja kumsuka huyo bibi, au angalau kumwosha nywele. Evodius alisema ataomba ruhusa, ila hawezi kuahidi. Mama Sushila ana msimamo kuhusu nywele zake.

Halafu Generosa akatoa simu na kumpigia mama yao, Bukoba. Aliiweka juu ya blanketi ili wote wasikie. Mama aliitikia mlio wa kwanza. Alikuwa ameketi na simu mapajani tangu asubuhi. Generosa alimpa habari: binti, kilo tatu na nusu, mama mzima. Shangwe za mama na za majirani aliokuwa nao zilijaa wodini, mpaka mzazi wa kitanda cha pili akatabasamu bila kuelewa neno.

“Na mama, nilizirai,” alisema Generosa. “Ni mimi niliyezirai. Shemeji ndiye aliyenidaka, na baada ya hapo akakata kitovu.”

Upande wa Bukoba mama aliwanyamazisha majirani.

“Haya, hayo ya kuzirai mtanieleza vizuri siku nyingine,” alisema mama. “Nipeni huyo mkwe wangu.”

Evodius alifuta siagi vidoleni, akakaa vizuri ingawa haonekani, akasema shikamoo mama. Mama alimwitikia kwa sauti ya kicheko, akamwomba amweleze mtoto alivyo, kuanzia juu, asiruke kitu. Evodius alimchukua binti yake kutoka mikononi mwa Valeria, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha. Mtoto alifumbua jicho moja, akamtazama kwa mashaka.

Alianza na nywele. Alisema ni nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Alisema paji ni pana. Alipofika puani akasema ni yake yeye, na Valeria na Generosa wakasema kwa pamoja kwamba sivyo, hiyo ni pua ya mama, na mama akasema kutoka mbali kwamba yeye hana pua ya namna hiyo, hebu amtazame vizuri. Evodius akainama zaidi, akamtazama vizuri, na kwa muda mrefu hakuweza kusema ni ya nani.